Swali la Saturnina

Mimi nilikuwa mtu wa kusoma peke yangu.
Komeo mlangoni, redio kimya,
blanketi mabegani, maana Potosí ikifika Juni
baridi huingia hata ndani ya kalamu,
wino ukagoma.
Nilikariri kurasa arobaini kwa usiku mmoja.
Darasani nilijibu kabla swali halijatua.

Nilimfuata Eloy kwa sababu ya joto tu, niseme kweli.
Mama yake ana tanuri la mikate,
na baada ya saa nne usiku, unga ukiumuka,
alituachia meza moja na mabenchi mawili.
Tulikuwa wanne: Eloy, Nélida wa kucheka ovyo,
Saturnina, mimi.
Mtihani: uingizaji hewa migodini.

Saturnina akauliza,
"Hewa inajuaje pa kuingilia?"
Nikampa kanuni. Niliiandika vizuri, herufi zimenyooka.
Akaitazama kama mwenye njaa anavyotazama picha ya chakula.
"Sawa. Lakini inajuaje?"

Nikafungua mdomo.
Hamkuwa na kitu.
Debe tupu, usiku ule, hata kuvuma halikuvuma.

Nélida ndiye aliyeinuka.
Akafungua mlango wa tanuri, akachota unga kidogo,
akaupuliza taratibu pale chini kizingitini.
Haukuanguka. Ulivutwa,
ukaingia, ukapotelea kwenye bomba la moshi.
"Ya moto hupanda," Eloy akasema, "inaacha nafasi."
"Na ya baridi huijaza," nikasema polepole,
kama mtu anayesoma jina lake kwa mara ya kwanza.

Saturnina alinyamaza. Kisha:
"Ndiyo maana baba aliwasha kiberiti
kila walipofika njia panda kule chini.
Alikuwa akitazama mwali unalalia wapi."

Vitabu vyangu vyote havikuwa na kile kiberiti.

Tukabishana hadi mikate ikatoka.
Nélida alikosea mara tatu, mimi mara tano.
Mama yake Eloy akatuita kunguru,
akatugawia iliyoungua.

Siku ya mtihani kanuni ilinitoroka, yote, na kichwa chake na mkia.
Nikainusa sweta mkononi.
Nikaanza kuandika kutoka kwenye unga.

Sitadai kwamba sote tulifaulu.
Eloy alipungukiwa alama mbili.
Jumatatu iliyofuata, saa nne usiku,
mezani tulikuwa wanne vilevile,
watatu hatuna mtihani.