Nyinginezo

Saa nne na dakika kumi na saba usiku, ghorofa ya pili, Naguru,
kiyoyozi kinakoroma kama koplo aliyemaliza zamu.
Mfuko mweusi umeonekana soko la Nakawa, lango la magharibi.
Simu ya kwanza ilikuwa ya Kiganda, ya pili Kiacholi,
amri zetu ni Kiswahili cha kambini,
na mashine, isiyowahi kuogopa kwa lugha yoyote,
ikajibu kwa ramani:

TOENI WATU KUPITIA LANGO LA MASHARIKI.
Uhakika, asilimia themanini na tisa.
Chini yake vibonye viwili,
cha kijani Kubali, chekundu Kataa,
na saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka tisini.

Sibishani na hesabu.
Imepima upana wa njia, kasi ya mtu mzima,
upepo, umbali wa magari ya wagonjwa kutoka Mulago.
Inakumbuka kila mlipuko niliojitahidi kuusahau,
pamoja na ule ulioturudishia kiatu kimoja cha kaka yangu.

Lakini mama aliuza mukene soko hilo miaka kumi na minane.
Najua lango la mashariki hufungwa saa mbili,
kufuli la Tabu Rajabu, na ufunguo huenda naye Banda,
mfukoni, pamoja na mswaki wake.
Najua nyuma ya lango hulala wauza nyanya kutoka Masaka,
wakilinda matenga kwa miili yao.
Nani angeliingiza hilo? Kwenye safu ipi?

Sekunde arobaini na moja.
Inspekta Kabagambe yuko nyuma yangu, namsikia akimeza mate.
"Driciru, imesema mashariki."
Kama mtu anavyosema: daktari amesema.
Nikikubali wakafa, mashine ilisema.
Nikikataa wakafa, ni mimi.

Nikabonyeza chekundu.

Ikadai sababu. Orodha ikashuka:
taarifa mpya, hitilafu ya mtambo, amri ya juu, hali ya hewa,
nyinginezo.

Nyinginezo.
Tukawapitisha kwenye mfereji, nyuma ya vinu vya unga,
mmoja mmoja, taa zimezimwa,
mwanamke mmoja akikataa katakata kuiacha mizani yake.

Mfukoni mlikuwa na sare za shule, kumi na mbili,
vifungo vipya, bei bado imebandikwa.

Asubuhi akaja mhandisi, kijana mpole, Ssemwanga,
akanionyesha mstari wangu kwenye kumbukumbu:
*Kinyume na pendekezo. Matokeo: hayapimiki.*
Bomu ambalo halikuwapo, alisema, halina takwimu.
Nikamwomba aongeze kufuli.
Akafungua daftari. Hufungwa saa ngapi hasa?
Saa mbili, nikasema. Ijumaa huwahi kidogo.
Mkewe Tabu akiugua, hufunga mpwa wake, naye husahau.
Na mwezi wa Ramadhani ukiandama
halifungwi mpaka daku.

Akaacha kuandika.