Kisanduku cha Kumi na Mbili

Fomu ya kupandishwa daraja inauliza:
"Eleza kwa ufupi kazi za utafiti ulizofanya."
Imeacha mistari mitatu.
Dakta Zuwena kanisukumia madaftari kumi na tisa,
akaenda kuswali. "Jaza wewe, Kombo. Mwandiko wako unasomeka."

Naanza na la kwanza, lina doa la njano ukingoni.
Huko alikosoma, theluji dirishani,
wiki sita aliandika kwa mkono wa kushoto,
kwani tindikali ya florini ilimpenya kidole cha shahada
bila kuuma, mpaka usiku,
ilipofika mfupani kutafuta chokaa.
Ukucha ule haujaota sawa hadi leo.
Na herufi za kitoto, za mkono usiozoea:
*Hula kioo. Ikishika haiachi. Nitaifuata.*

Nani huifuata iliyomla?
Sikuwahi kumuuliza.

La nne nalijua, nilikuwa nimeajiriwa mwezi ule.
Chumba cha hadubini, Wete, nyuma ya stoo ya vyandarua.
Tulihitaji giza, na giza halina fungu katika bajeti;
akaleta buibui kuukuu la mamake,
tukalipigilia misumari dirishani.
Harufu ya udi ilikaa humo miaka miwili
ikigombana na mikojo ya skuli nzima.

Sampuli namba moja ni yake mwenyewe.
"Ukimulika nyoka," alisema, "anzia miguuni pako."
Naye alikoga kijito kilekile cha bonde la mpunga
tulichokoga sote.
Akatia tone la rangi, akawasha taa ya zebaki.
Yai la kichocho likawaka kijani, na mwiba wake nchani,
zuri, Mungu anisamehe, zuri kama kipini cha pua,
likafifia kabla sijamaliza kusema subhanallah.

Nukta tisa.
Ndiyo ila ya rangi zile: hufa kwa kutazamwa.
Nuru inayokuonesha ndiyo inayoua,
ukianza kuhesabu umeshapoteza hesabu.

Basi miaka kumi na saba ikaenda hapo,
si kwa kutafuta dawa, si kwa kumaliza maradhi,
bali kubandika atomi moja ya florini mahali pamoja
kwenye pete ya kaboni, ili rangi ikaze roho.
Daftari la sita: nukta kumi na moja.
La saba: nukta nane. *Tumerudi nyuma.*
La tisa, ukurasa mzima, neno moja: *umeme, umeme, umeme.*
La kumi na moja lina vikonyo vya karafuu kati ya kurasa;
wasaidizi wote walikwenda kuchuma,
wala hakuwalaumu, bei ilikuwa nzuri.
Makala ya tatu ilirudishwa. Mhakiki aliuliza
kama kweli kazi hii imefanyika Pemba.
Pembeni kaandika: *Aje anuse.*

La kumi na sita, ukurasa wa themanini na mbili,
tarehe, halijoto, mwandiko umetulia tuli:
*Dakika nne, nukta kumi na moja.*
Hakuna hata alama ya mshangao.
Siku ile alimwita Mkasi, binti wa mlinzi, miaka tisa,
akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Mtoto akachungulia. Akahesabu kwa sauti, bila pupa,
mayai ishirini na matatu.
"Ya nani haya?"
"Yako."
Akanyamaza kidogo. "Mazuri," akasema, "lakini yatoke."
Yakatoka. Vidonge ni vya zamani, vya bei rahisi,
wala si sisi tuliovivumbua.

Mistari mitatu.
Nimeandika: *Ameongeza dakika nne na nukta mbili.*
Nimefuta. Kamati itauliza, dakika za nini?
Nimeandika tena.

Dakta karudi, uso una maji bado,
kasoma juu ya bega langu.
"Umeisahau taa."
Kila taa ya zebaki ina saa mia mbili za uhai;
hii ni ya saba, imeshakula mia na themanini na saba.
"Kuna kisanduku cha mahitaji," nikasema, "ukurasa wa nyuma."
"Andika humo. Zimebaki kumi na tatu."
Akavuta kiti, akateremsha buibui.
"Haya, washa."