Madawati Ishirini na Sita

Darasa letu lina wanafunzi watano
na jiko la vigae linalokula kuni za mbetula.
Buti kumi hukauka mstarini kila asubuhi,
nami, mwalimu wa hesabu, wa kuchora na wa kila kitu,
huita majina kwa pumzi moja:
Undīne, Ringolds, Madara, Kristers, Monta.
Kisha kimya. Nyuma yao ukuta mweupe
na sakafu ya mbao iliyolika kwa nyayo zisizokuwepo.

Wilaya ilituletea vishikwambi vitatu
badala ya mwalimu wa pili.
Nilinuna wiki nzima.
Ndipo Monta, akitafuta chaki kabatini,
akaibuka na daftari la mahudhurio la mwaka themanini na saba:
majina ishirini na sita, kwa wino wa zambarau.
“Walikaa wapi wote hawa?” akauliza,
kama anayeulizia wageni waliotoka hivi punde.

Swali likawa kazi ya muhula.
Darini lilibaki dawati moja, la mguu mbovu.
Wakalipima kwa futi ya fundi: unene, mshazari,
tundu la kidau cha wino.
Ringolds, ambaye hajawahi kumaliza zoezi la sehemu,
aligombana na robo sentimita siku mbili
mpaka mfuniko ukafunga sawasawa ndani ya kioo.
Kristers akachonga kwa kidole lile jeraha la kisu,
A + I, ubavuni.
Madara akatundika makoti na mikoba.
Nyuso hawakuziweka.
“Hatukuwaomba ruhusa,” alisema Undīne, ana miaka kumi,
nami nikayaandika maneno hayo pembeni mwa andalio la somo.

Wataalamu wanauita uhalisia ulioongezewa.
Bi Skaidrīte, anayewasha jiko na kufagia,
anauita kiinimacho,
na hakukigusa kile kioo
mpaka mikono aipanguse kwenye aproni mara mbili.
Akakiinua. Akageuka polepole.
Ukuta ukajaa: safu kwa safu, madawati ishirini na sita,
vivuli vyake vimelalia upande uleule
kilikolalia kivuli cha kiti changu, jua la Februari.
“Langu mmelikosea,” akasema. “Mimi nilikaa dirishani.
Hapo mliponiweka alikaa Jāzeps,
yuko Ailandi, anachuma uyoga.
Huyu wa mbele yuko kaburini. Huyu sijui.
Huyu bado ananidai raba.”
Madara akaliburuta dawati kwa kidole hadi dirishani.
Bi Skaidrīte akainama agusome mfuniko, jina lake;
mkono ukapita, ukashika hewa yenye joto la jiko,
naye akabaki vile, mgongo umepinda,
mpaka betri ikaanza kulalamika.

Bwana Vilnis alifika Alhamisi, na fomu.
Fomu inataka kumi na wawili,
la sivyo mlango unafungwa Juni.
Alihesabu watano. Akahesabu tena, kwa adabu.
Ringolds akamkabidhi kishikwambi bila neno.
Sikumtuma. Naapa sikumtuma.
Mgeni akatazama kwa muda mrefu kuliko fomu inavyoruhusu.
Akasoma jina moja kwa midomo tu, bila sauti.
Kisha akakirudisha, akafungua kalamu,
akaandika tano.

Tano ni tano; mimi ndiye ninayefundisha hesabu.
Lakini alipokwenda kuchukua koti lake msumarini,
kioo keshakiacha mezani, sakafu tupu mbele yake,
hakukata katikati.
Alipita kiubavuubavu, mkoba kauinua juu,
na karibu na dirisha akasema, “Samahani.”

Jioni Bi Skaidrīte alifagia palepale.
Vumbi lilikuwepo, na maganda ya penseli.
Undīne ananiuliza kama kuna nafasi
ya dawati la ishirini na saba,
la yule bwana, ambaye hakujua akae wapi.
Nimemwambia apime kwanza.