Upindo

Daktari Mwachiro alisema: umelala.
Hakusema umekufa. Hakusema umehama.
Umelala, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti,
nami nikautazama ule upindo,
nyuzi zimeanza kuchomoka,
nikatamani kumshonea.

Nyumbani Kuze, Bi Mwanate, mama wa mume wangu,
alisikia neno moja tu: kulala.
Basi mwezi mzima tukatembea kwa ncha za vidole.
Redio ikazimwa. Kinu kikapelekwa kwa jirani.
Badi akikohoa, anakatazwa kwa jicho.
"Usimwamshe aliyelala," alinong'ona bibi,
na nusu ya pili ya methali akaimeza,
maana sote twajua ni nani atakayelala.

Nuswaiba, miaka minane na pengo mbele,
ndiye aliyeuliza, hamri mkononi:
"Mama, huyo aliyelala, ana masikio?"
Twalib akacheka hata chai ikamtokea puani.
Jioni ile ile kinu kilirudi.

Sasa nyumba yetu ni soko la Kongowea.
Asubuhi natafuta kiatu kimoja, daima ni kimoja,
nasaka daftari la hesabu chini ya kochi
nakuta kijiko kilichopotea tangu Ramadhani.
Nafoka. Nasuka nywele huku nikipepea mkaa.
Jumamosi twaruka kamba uani, mimi na wao,
kumi na saba, kumi na nane,
na kifua chauma upande usiokuwapo.
Ndiyo, usiokuwapo huuma.
Sidiria nimeijaza sponji mwenyewe;
siku moja, kwenye ishirini na mbili, sponji iliponyoka
ikaenda kukaa chini ya kwapa kama mkate wa kuibwa,
watoto wakagaagaa chini kwa kicheko
nami nikagaagaa nao, mchanga hadi masikioni.

Msinite jasiri.
Kuna saa nane za usiku, Twalib akikoroma,
napapasa kwapa kama mtu atafutaye ufunguo gizani.
Kipo kitu kama choroko. Au ni kile cha siku zote?
Natazama dari mpaka adhana.
Kisha kunakucha, na mtu ataka kuvishwa soksi.

Kila baada ya miezi mitatu, benchi la Makadara.
Twaulizana habari za watoto, bei ya nazi,
majibu ya vipimo hatuulizani.
Mama mmoja wa Kisauni hutuletea mabuyu,
mekundu, ya kutuacha ndimi kama tumekula wino.
Mara hii hakuja.
Tulimwachia nafasi yake pale pembeni,
mabegi yetu tukayapakata.

Juzi nimeshona sketi ya shule ya Nuswaiba.
Bi Mwanate akaishika, akaipima kwa shubiri:
"Upindo wa inchi nne? Wamshonea mtoto au wamshonea mnazi?"
Sikumjibu, nilikuwa na pini mdomoni.
Inchi moja ni ya gredi ya nne,
ya pili ni ya tano,
ya tatu atakuwa ameshaanza kunificha mambo,
na ya nne, wallahi, ni tamaa tu.

Nuswaiba alisimama juu ya kigoda, akazunguka,
sketi nzito chini ikamgonga magotini.
Nimeipiga mishono mirefu, milegevu,
ili siku ya kuifumua isiwe kazi
hata kwa mtu asiyejua kushona.

Twalib hajui kushona.
Hutengeneza friji za watu wa Bondeni, ana mikono ya koleo.
Nimeanza kumfundisha, baada ya isha, watoto wakilala.
Jana alijidunga kidole gumba
akaitukana sindano, na aliyeiunda, na mama wa aliyeiunda,
kwa sauti iliyovuka mpaka mtaa wa pili.

Tukatega masikio.
Hakuna kilichoamka.