Tundu la Mshazari

Mcha alinambia: usiushike kwa mkono.
Sikusikia. Keekee ya inchi mbili
iliuma ubao kwa jino moja,
upande huu mti, upande ule hewa,
ikaruka na kidole gumba changu.

Leo kabari iko chini ya mfenesi:
nyuzi kumi na tano, nimepima mara tatu.
Nimebana kwa jiliwa, juu nimegongomea
kipande cha boriti mbovu,
chuma kianze penye kitu cha kutafuna.

Polepole. Vumbi la njano lanata jashoni.
Nusu ya tundu, umeme wa Limbani ukakatika.

Nikachungulia: shimo limelala
kama mtu ategaye sikio ukutani.
Miguu ya kigoda hiki itatanuka.
Bi Raya ni mzito, na akicheka
huegemea nyuma.