Kichujio cha Kuazima

Kililetwa Jumatatu usiku ndani ya gunia la chakula cha kondoo,
kizito kama kichwa cha ng'ombe,
pamoja na salamu za Dinny: usikiangushe,
masega yake ya ndani yameanza kulegea.

Ni kimoja tu, kutoka Glenties mpaka Ardara,
na magari ni manane, yote yalitoka Japani
yakiwa mapole, viti vyake havina doa,
kabla hayajaingia mikononi mwetu.

Langu ni Starlet ya mwaka tisini na saba.
Nimelitia turbo, nimeliteremsha hadi linalamba lami,
na tumboni, palipokuwa na kichujio cha kiwandani,
nimepitisha bomba tupu, wazi kama koo la mlevi.
Nikikanyaga, mbwa wa mashamba matatu hujibu.
Mama hufunga dirisha.
Husema: Sorcha, una miaka thelathini na minne.

Lakini Februari haikosi kuja, na barua ya ukaguzi huja nayo,
ndipo nalala chali kwenye saruji ya banda la trekta,
tochi mdomoni, kutu ikinidondokea machoni.
Nati ya tatu imegoma, kama kawaida yake.
Naibembeleza, naitukana, naipaka mafuta, naitukana tena.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Hawakukiona hiki. Kimesitiri wanane, mwaka wa sita huu,
kwa bolti zile zile.

Siku yenyewe naondoka alfajiri.
Lazima injini ichemke, kichujio kiive:
kilomita arobaini kwa gia ya tatu,
basi la shule nyuma yangu likinimulika taa kwa hasira,
mvua ikija ubavuni, maana Donegal haijui kunyesha wima.
Kila nikiwasha gari, mwanamke aliyemo kwenye dashibodi
husema sentensi moja ya Kijapani.
Miaka mitano sasa, sijui ananionya au ananikaribisha.

Letterkenny. Chumba cheupe, harufu ya mpira na kahawa ya mashine.
Tumekaa mikono magotini
kama tulivyokaa utotoni tukisubiri kitubio,
kila mmoja akizipunguza dhambi zake kichwani.
Kiooni namwona McGlinchey akiingiza kijiti cha chuma
ndani ya ekzosi, akikanyaga taratibu,
mizunguko elfu mbili na mia tano, akishikilia hapo hapo,
macho kwenye skrini, kama daktari
asiyetaka uso wake usomwe.
Naomba. Simwombi Mungu, nayaomba masega.

Kisha anashuka shimoni na taa yake.
Anaumulika mshono, ule uliopinda,
ambao Eunan aliuchomelea akiwa na homa.
Anautazama kwa muda mrefu,
kama mtu aliyekutana na jirani yake mji wa mbali.

Ananiletea karatasi. Limepita.
"Linapumua vizuri," anasema, hacheki.
"Mwambie Manus asichelewe Alhamisi.
Na nunueni gasketi mpya. Ile imechoka kuliko mimi."

Narudi polepole. Gari limenyamaza hivi
kwamba nazisikia waipa, naisikia sarafu
iliyopotea ndani ya mlango tangu sijui lini.
Kwenye kioo cha nyuma hakuna wingu,
ni barabara tu, na kondoo wawili wenye rangi ya bluu mgongoni.
Nawaza: ningeweza kununua changu, nikakiacha humo.
Nawaza hivyo kilomita nane, labda tisa.

Njia panda, Manus amesimama na jeki,
spana mfukoni, hana hata kofia.
Bado cha moto. Tunakizungushia taulo
kama mkate uliotoka tanurini, anakipakata,
anakiweka kiti cha mbele, anakifunga mkanda.
Nami narudisha bomba langu tupu, vidole vimekufa ganzi.

Nawasha.
Mwanamke wa Kijapani anaanza sentensi yake.
Simsikii akimaliza.