Daftari la Vipimo

Nina daftari, jalada la bluu limechakaa,
vifua vya wanawake wa Kadutu vimo humo:
Mama Cirezi mia moja na nne,
bibi arusi wa Bagira themanini na sita,
Nsimire, dada yangu, tisini kamili tangu shuleni.
Mimi ndiye fundi. Jina langu liko kwenye jalada tu.

Miaka ishirini nilijishonea kwa kukisia,
gauni pana kama turubai la kilio,
na mabegani mifereji miwili
iliyochimbwa na kamba za sidiria;
mvua ingeweza kutuama humo.
Nikipanda ngazi kutoka sokoni
nilisimama mara nne, nikijifanya natazama ziwa.
Watu wakasema: Fundi Ntakwinja analipenda Kivu.
Mimi sikulipenda. Mgongo ndio uliolipenda.

Shemeji akauliza: Mungu akikupa, unamrudishia?
Nikamuuliza jino lake bovu alilipeleka wapi.

Basi asubuhi ile, tumbo tupu tangu jana,
kwenye zahanati ya Nguba, mlango wa kijani,
Munganga Kajibwami, kijana, kucha safi,
akanisimamisha wima, akachora juu yangu
kwa kalamu ya zambarau
kama ninavyochora kitenge kwa kipande cha sabuni.
Nikamwambia: kushoto kumezidi sentimita mbili.
Akapima upya. Akacheka. Akasema: kweli, mama.
Hapo ndipo nilipoacha kutetemeka.

Hesabu kutoka kumi, urudi nyuma.
Nilifika saba.
Sita sijaiona mpaka leo.

Nilizindukia kwenye mngurumo wa jenereta,
ulimi umekauka kama pamba ya mto.
Muuguzi akasoma karatasi kwa sauti ya karani:
kulia gramu mia sita na arobaini,
kushoto mia saba na kumi.
Nikajumlisha. Ni kilo ya maharage
na nyongeza ambayo muuzaji wa kwetu hawezi kukupa.
Nikalia kidogo, wala haikuwa maumivu.
Watoto wanne walinyonya pale,
na mmoja, Akonkwa, miezi mitatu tu,
na labda fungu lake lilikuwa ndani ya lile beseni.
Sikuuliza. Nani angenijibu?

Saa kumi jioni wakasema: nenda nyumbani.
Hivi hivi? Hata sketi ya shule naishona siku mbili!
Wakanipa vidonge, mto wa kukumbatia,
na katazo refu: usinue mikono, usilale kifudifudi,
usibebe bidoni wiki sita.
Nsimire alikuwa amekodi teksi ya mzee mmoja mpole
asiyejua kukwepa shimo hata moja la Nyawera.
Kila shimo nililitaja kwa jina la adui yangu.
Nililitaja hata la shemeji, mara mbili.

Usiku umeme ukakatika.
Nsimire akamulika bendeji kwa simu,
uso wake karibu sana na wangu,
akanong'ona: haijalowa.
Tukakaa hivyo, bila kusema,
kama tulivyokaa wasichana wawili
chini ya meza, usiku wa risasi.

Siku ya kubadilisha bendeji niliomba kioo.
Wengine, nasikia, hutazama umbo.
Mimi nilihesabu mishono.
Midogo, sawasawa, pindo halikuvutwa;
pembeni tu, karibu na kwapa, mmoja alioharakisha.
Nimemsamehe. Nina njaa ya saa saba mchana mimi pia.

Mwanangu wa mwisho akaniuliza: yaliyobaki yako wapi?
Nikamwambia: yamepumzika.
Akaenda kucheza mpira.

Jana nilipanda ngazi.
Kwenye kituo cha kwanza miguu ikasimama yenyewe, kwa mazoea,
na ziwa likawa pale, kijivu, lina mawingu ya Idjwi,
nami sina cha kujifanyia.
Nikaendelea.

Nsimire ananisumbua: andika basi, andika namba yako!
Ngoja, nasema, uvimbe haujaisha.
Kitambaa kipya hufuliwa kwanza, kinywee,
ndipo kipimwe.